Picha ya Nyumba Yenu katika Kadi ya Noeli



Wapendwa wanandoa, Majilio yanakaribia. Kama ilivyo desturi, tumeanza kuulizana mbuzi atatoka wapi, nguo za watoto zitanunuliwa lini, na kama mwaka huu sikukuu italiwa kwetu au kwa wakwe. Hayo yote yana mahali pake. Lakini leo napenda tuzungumze jambo dogo zaidi, ambalo gharama yake haifiki bei ya kuku mmoja. Ni kadi ya Noeli iliyotengenezwa nyumbani kwa mikono yenu wenyewe, ikiwa na picha yenu wenyewe. Huenda baba mmoja atauliza, "Katekista, hilo nalo ni jambo la ukurasa wa ndoa?" Ndiyo, baba, tena ni la ndoa hasa. Tulitazame polepole.

Wengi wetu tunazikumbuka kadi za dukani. Zilikuwa na theluji, miti ya misonobari, na mzee mwenye ndevu nyeupe akiendesha gari lisilo na magurudumu. Sisi wa Mbita, ambao Desemba yetu ni jua kali na vumbi la barabarani, tulikuwa tukipelekeana baridi ambayo hakuna aliyewahi kuiona! Siku hizi hata hizo zimeadimika. Mtu hupokea katika simu mshumaa unaometameta, umekwisha kupita katika simu mia, hauna jina la aliyeutengeneza wala la aliyeutuma, naye huusukuma kwa mwingine kabla hajausoma. Je, salamu ya namna hiyo ni ya nani? Aliyeipokea hawezi hata kujua kama alikumbukwa yeye, au kidole kiliteleza tu juu ya orodha ya majina.

Yafaa tujue desturi hii ilianza vipi. Mwaka 1840 huko Uingereza ulianzishwa utaratibu wa posta wa kutuma barua kwa peni moja tu, na watu wakaanza kuandikiana sana. Henry Cole, mmoja wa waliosaidia kuanzisha utaratibu huo, mwaka 1843 alijikuta na barua nyingi za Noeli asizoweza kuzijibu zote kwa mkono. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, ikachapishwa nakala kama elfu moja. Je, mnadhani Horsley alichora theluji? La. Alichora familia imekaa mezani, wazee, wazazi na watoto pamoja, wakiinua glasi. Kandokando ya meza hiyo alichora upande mmoja maskini wanalishwa, na upande wa pili wanavikwa nguo. Tena kadi hiyo ilileta manung'uniko, kwa sababu mtoto mdogo alionekana akinyweshwa divai. Basi tangu kadi hiyo ya kwanza kuuzwa, watu waliangalia yale yale tunayoyaangalia sisi: ni nani aliyekaa mezani, na anafanya nini hapo.

Hapo ndipo jambo letu lilipo. Ukinunua kadi dukani, hakuna anayekuuliza nani ni wa nyumba yako. Lakini ukitaka kuweka picha ya familia, swali hilo halikwepeki. Kabla simu haijainuliwa, lazima mtu aamue nani asogee mbele, nani akae kitini, nani asimame nyuma, na nani aambiwe, "Wewe shika simu utupige." Angalieni vizuri huyo anayeambiwa ashike simu. Mara nyingi ni mtoto wa marehemu ndugu. Au ni msichana wa kazi, ambaye amelala katika nyumba hiyo miaka mitatu. Au ni yule kijana ambaye mama alikuja naye alipoolewa. Picha inatoka nzuri, wote wanacheka, na aliyeipiga hayumo.

Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya kwanza. Tumezoea kuipita haraka kwa sababu ni majina matupu, na msomaji wa kigangoni hujikwaa kila mwaka katika majina hayo hayo. Lakini hiyo ndiyo picha ya ukoo wa Bwana wetu. Mathayo amewapanga mababu safu tatu, vizazi kumi na vinne kila safu, kama mpiga picha anavyopanga watu wa arusi mbele ya kanisa. Na katikati ya wanaume hao amewaweka Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Rahabu, aliyekuwa kahaba wa Yeriko. Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu. Na mke wa Uria, ambaye hata hakumtaja kwa jina lake, bali kwa jina la mume aliyeuawa, ili kosa la mfalme Daudi lisifichike nyuma ya watu. Mathayo angekuwa mmoja wetu, anaandaa kadi ya kuwapelekea wakubwa, angewaambia hawa wanne wasogee kando kidogo. Hakufanya hivyo. Na mwisho kabisa wa safu amesimama Yosefu, ambaye mtoto hakuwa wa damu yake, lakini ndiye aliyeagizwa na malaika ampe jina.

Tuseme ukweli wa huku kwetu. Nyumba nyingi kando ya ziwa hili, hapa Mbita, Rusinga na Mfangano, zimelea watoto wasiozaliwa humo. UKIMWI ulipita katika vijiji vyetu kwa ukali, na mayatima wakagawanywa kwa shangazi, wajomba na nyanya. Baadhi yao leo ni wazazi wanaosoma ukurasa huu, na wanakumbuka vizuri nani aliwaita waje katika picha na nani hakuwaita.

Mume mmoja na mkewe, waumini wa jumuiya ndogo ndogo ya jirani, walikwama hapo. Walikuwa wamekubaliana kutengeneza kadi, na mama akasema kijana wake mkubwa, aliyemzaa kabla ya kuolewa, naye atakuwemo. Baba akasema, "Mama watoto, watu wataniuliza huyu ni nani." Mama akajibu bila kupandisha sauti, "Watakuuliza, Baba, nawe utawaambia. Yeye anakuita baba kila asubuhi. Wewe itakushinda kumwita mwanao mara moja kwa mwaka?" Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliuliza kama shati jeupe la kijana limefuliwa.

Ninawaomba mwone jinsi mama huyo alivyotenda. Alilisema neno hilo ndani, wakiwa wawili, siku kadhaa kabla ya picha. Hakungoja hadi watu wamekwisha kupangwa uani na kijana mwenyewe anasikia. Neno likisemwa mbele ya mtoto, jibu lolote litakalotoka litabaki naye maisha yake yote.

Na upande wa pili je? Kuna mtoto ambaye baba alimpata nje, naye sasa analala katika nyumba ya mama huyu na kula katika sufuria yake. Sisemi kwamba jeraha hilo ni dogo. Mke aliyekosewa ana haki ya kusema, "Bado sijaweza," na mume hana haki ya kumharakisha kwa ajili ya kadi. Lakini neno hilo ni deni kati ya wakubwa wawili, mtoto asilipishwe. Ikiwa moyo haujawa tayari, mwaka huu pigeni picha ya nyumba, au ya mti wenu wa mwembe, au ya watoto wote mikono yao tu ikishika mshumaa. Kadi hiyo nayo ni ya kweli. Picha ya watoto wanne wakati nyumbani wapo watano, hiyo siyo.

Ninyi ambao Mungu hajawajalia watoto, nawajua mnaogopa kadi hizi kuliko wengine. Mnafikiri watu wataitazama picha ya wawili na kuanza kuhesabu miaka. Waacheni wahesabu. Mlipopeana ahadi mbele ya altare mlipokea Sakramenti nzima, si nusu inayongoja kukamilishwa hospitalini. Mtakatifu Luka anapomleta Zakaria na mkewe Elisabeti anatuambia kwanza kwamba wote wawili walikuwa waadilifu mbele ya Mungu, na wakati huo hawakuwa na mtoto, tena umri umekwenda. Kaeni viti viwili, karibu karibu, mkitazamana ikiwezekana. Wala msiazime watoto wa jirani ili picha ijae; nimeona ikifanyika, na mtoto aliyeazimwa alilia katika picha zote.

Kuna nyumba ambamo mmoja yuko mbali. Baba yuko Nairobi au Mombasa kikazi, au mama amekwenda Saudia au Qatar kutafuta karo. Wapiga picha wa siku hizi wanaweza kumpachika mtu kwa kompyuta, asimame kando ya mwenzake kana kwamba hajaondoka. Mimi silipendi jambo hilo. Mtoto wa miaka sita anajua vizuri kwamba mama hakuwepo siku ile, nanyi mnamfundisha kwamba kutokuwepo ni kitu cha kuficha. Aliye mbali na apigwe picha huko aliko, akiwa na nguo zake za kazi. Ninyi mpigwe hapa. Kisha bandikeni picha mbili katika kadi moja, kila moja na mahali pake. Anayeipokea ataona familia iliyotengana kwa sababu ya riziki, naye atawaombea. Na kama mwaka huu mmezika, msilazimishe vicheko. Mmoja ashike mapajani picha ya marehemu, au muache kadi hadi mwaka ujao.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza tafuteni jioni moja ya kukaa wawili. Wavuvi wa omena wana nafasi ambayo wengine hawana, kwa maana katika usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, na wengi hupumzika nchi kavu. Wekeni simu zote mbili mezani, ya mume na ya mke, mtazame pamoja picha zilizomo. Pengine nzuri mnayo tayari: ya ubatizo, ya Komunyo ya Kwanza, ya siku mliyoezeka nyumba. Zoezi hili lenyewe lina mafunzo yake. Mwanamume anaweza kugundua kwamba ana picha mia mbili za mpira na mbili tu za mkewe, na moja ya hizo aliipiga nyanya yake. Na ikiwa mmoja anaishika simu yake kama aliyeshika kaa la moto, hataki mwenzake aitazame, basi kazi ya kadi imesimama na mazungumzo mengine yameanza. Msiyakimbie. Kadi zinaweza kungoja.

Kama mnapiga picha mpya, fanyeni asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua la mchana liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi na kofia inaficha uso wote. Tena tunapenda sana kusimama na ziwa nyuma yetu. Ziwa ni zuri, lakini maji yanang'aa kuliko nyuso, kwa hiyo ziwa linatoka na watu wanakuwa vivuli. Simameni penye kivuli cha mti, mkitazama upande wenye mwanga, na ziwa liwe kando. Anayepiga aguse uso wa mtu katika kioo cha simu kabla ya kubonyeza, ili mwanga ujipime hapo. Jirani aitwe apige, asiwe mmoja wenu.

Mkipeleka studio au saiba kuchapishiwa, ulizeni bei kwanza. Mkiituma kwa WhatsApp itumeni kama dokumenti, kwa maana ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa na ikichapishwa inakuwa na ukungu. Ukubwa wa inchi nne kwa sita unatosha. Karatasi ya manila ya kipimo cha A4 ikikunjwa katikati, picha hiyo inakaa vizuri mbele na kubakiza ukingo pande zote. Gundi ya dukani ni nzuri. Asiyekuwa nayo apike unga wa ngano kijiko kimoja na maji hadi uwe uji mzito, aupoze, apake kiasi kidogo sana kingoni na si katikati, kwa sababu gundi yenye maji mengi hukunjakunja picha. Ziwekeni chini ya vitabu vizito usiku kucha. Watoto wapewe kazi ya kuchora mapambo: mtumbwi, nyota, ng'ombe. Wasifundishwe kuchora theluji.

Mtakatifu Fransisko alipoandaa pango lile la Greccio mwaka 1223, alitumia nyasi kavu na ng'ombe na punda wa pale pale kijijini. Na Papa Fransisko, katika barua aliyoitia sahihi huko Greccio tarehe 1 Desemba 2019, alikumbusha kwamba hata ombaomba wana nafasi yao katika pango la Noeli. Kadi yenye ng'ombe wa Mbita haina upungufu wowote.

Ndani andikeni maneno yenu, machache. Msinakili mtu. "Tuko wazima, mvua ilichelewa, tunawakumbuka katika sala, mtoto wa tatu sasa anatembea." Hayo yanamtosha shangazi kwa mwaka mzima. Lakini sahihi ndiyo ninayotaka muitazame. Tumezoea kuandika "Familia ya Bwana Fulani", na mama aliyekata karatasi, akapika gundi, akafua mashati, jina lake halimo. Kila mmoja aandike jina lake la ubatizo kwa mkono wake mwenyewe, mume, mke, na kila mtoto anayeweza kushika kalamu. Nyanya asiyejua kuandika atie kidole gumba katika wino. Alama hiyo itathaminiwa kuliko maandishi yote.

Orodha ya watakaopelekewa ndiyo italeta maneno. Mara nyingi upande wa mume unajaa karatasi, na wazazi wa mke wanakumbukwa mwishoni, kama manila imebaki. Mimi nashauri hivi: chukueni karatasi moja, muigawe kwa mstari katikati, na idadi iwe sawa pande zote mbili. Kama ni kadi kumi, tano zende kwao mume na tano kwao mke, hata kama ukoo mmoja ni mkubwa. Wasimamizi wa ndoa yenu msiwasahau. Wengi walisimama nanyi altareni siku ile na hawajasikia neno lenu tangu keki iliyokatwa. Za mbali zipelekwe posta mapema, mwanzoni mwa Desemba. Za Mfangano mpeni mtu mnayemwamini anayevuka kwa mashua, na bahasha iwe ndani ya mfuko wa nailoni.

Na kuna kadi moja ambayo hakuna kati yenu anayetaka kuitaja. Ni ya yule ndugu wa mume mliyegombana kuhusu shamba, au ya mama mkwe ambaye tangu matanga yale hamjasalimiana. Mmoja wenu akitaja jina hilo, mwenzake atasema, "Huyo hapana." Hapo msipigiane kelele, wala mmoja asipeleke kadi kwa siri, kadi iliyopelekwa kwa siri italeta ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Andikeni anwani yake juu ya bahasha, wekeni kadi ndani bila kuifunga, na muisimamishe mahali mnapoiona wote wawili, labda kando ya picha ya Bikira Maria. Salini Majilio yote ikiwa hapo. Yule aliyesema hapana ndiye mwenye haki ya kuifunga, siku atakayoweza. Ikifika sikukuu ya Familia Takatifu, ile Jumapili inayofuata Noeli, bahasha ingali wazi, iacheni hapo hapo hadi mwakani. Picha haiozi.

Nakala moja ibaki kwenu, isiyobandikwa gundi. Katika masanduku ya wazee wetu kuna picha nzuri za miaka ya sabini na themanini, watu wamevaa suruali pana na viatu virefu, na leo hakuna aliye hai anayejua yule wa tatu kutoka kushoto ni nani. Igeuzeni picha yenu, na kwa penseli laini, pasipo kukandamiza, andikeni majina ya wote kutoka kushoto kwenda kulia, na aliyeshika simu pia, kisha mahali na mwaka.